Sare si Kinga ya Dereva Mlevi

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Usemi huo una hekima pale nazi inapomwangukia mpita njia, au pale upepo wa ghafla unapopindua mashua ya mvuvi aliyetazama mawingu kwa makini kabla ya kutweka tanga. Lakini usemi huo hugeuka kuwa kisingizio pale gari linapomgonga mama aliyebeba kuni kando ya barabara, kisha dereva akateremka huku akinuka pombe. Ajali ya namna hiyo ina kinga, na kinga yenyewe inajulikana. Ilikuwapo tangu jioni ya jana yake, wakati dereva alipokaa kunywa huku akijua kwamba alfajiri atashika usukani.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu enzi za watu wa kale hadi leo pwani hiyo imeona mengi, lakini miaka ya karibuni ilipita yote. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha waliwashambulia polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 mji huo ukatekwa, na tarehe 24 Machi 2021 Palma nayo ikavamiwa. Maelfu kwa maelfu ya wananchi walizikimbia nyumba zao. Mwezi Julai 2021 askari wa Rwanda waliwasili kusaidiana na majeshi ya Msumbiji, na mwezi huo huo ukaanza ujumbe wa nchi za Kusini mwa Afrika, ambao Tanzania ilikuwa mmoja wa washiriki wake, na ambao ulimaliza kazi yake Julai 2024. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti 2021. Baada ya hapo wananchi wakaanza kurejea, kidogo kidogo, kuzibua visima, kufyeka mashamba na kuezeka nyumba upya.

Mwananchi anayerejea hurejea kwa barabara. Kati ya Palma na Mocímboa da Praia, na kutoka huko hadi njia panda ya Awasse, barabara si njia ya magari peke yake. Ni njia ya mtoto aendaye shule, ya mchuuzi wa samaki mwenye baiskeli, ya mzee anayerudi msikitini baada ya sala ya isha. Taa za barabarani hakuna katika sehemu kubwa ya safari hiyo, na njia ya waenda kwa miguu haikutengwa. Magari mengi yanayopita hapo ni ya majeshi, ya polisi, ya misaada na ya mradi wa gesi wa Afungi. Kwa hiyo mtu wa kijijini anaposikia mngurumo wa gari nyuma yake gizani, mara nyingi huwa anayakabidhi maisha yake kwa mtu aliyevaa sare.

Wakati wa mapigano makali, askari dereva alifundishwa na hatari yenyewe kwenda mbio. Kupunguza mwendo kulimaanisha kumpa mviziaji nafasi. Hatari hiyo haijatoweka kila mahali, na hakuna mwenye akili anayemtaka askari aisahau. Lakini kasi ya vita ikichanganywa na pombe ya mapumziko huzaa kitu cha tatu, ambacho si vita wala si mapumziko. Lori likipinduka na askari ishirini ndani yake, kikosi kimepoteza watu bila adui kufyatua hata risasi moja.

Ni vyema kueleza pombe inafanya nini mwilini, maana wengi huhukumu ulevi kwa macho: mtu hapepesuki, basi hajalewa. Kipimo hicho ni cha uongo. Pombe huanza na ubongo, hasa sehemu zinazopima hatari na kuamua kwa haraka. Miguu huyumba baadaye. Dereva aliyekunywa kiasi husimama imara, huzungumza vizuri, hata huendesha vizuri pale njia inaponyooka na hakuna jambo la ghafla. Upungufu wake hujulikana mbuzi anapokatiza. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 22 kabla ya breki kuanza kazi. Katika mita hizo mna nafasi ya kutosha kwa familia nzima inayotembea kwa mstari mmoja.

Jambo la pili ambalo pombe hufanya ni kuvunja mazoea mapya na kuyarudisha ya zamani. Nchini Msumbiji, kama Tanzania, magari hupita upande wa kushoto. Nchini Rwanda hupita upande wa kulia. Dereva aliyelelewa katika upande wa kulia anaweza kujifunza upande wa kushoto na kuumudu vyema kabisa, ilimradi akili yake iko macho. Akinywa, mkono wake unaweza kumpeleka alikozoea tangu ujana, na hasa usiku, wakati hakuna gari jingine mbele la kumkumbusha.

Jambo la tatu, nalo ndilo linalowaponza wengi kambini, ni muda. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake lenyewe, wala halina haraka. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 70 hivi, chupa moja ya bia ya nusu lita huhitaji muda unaokaribia saa tatu ili itoke. Kahawa nzito haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Kulala kunampa mtu pumziko, lakini ini halifanyi kazi kwa kasi zaidi kwa sababu mwenyewe amelala. Askari wa uzito huo akinywa chupa sita kati ya saa mbili na saa sita usiku, akalala, akaamka saa kumi na mbili asubuhi, akaoga, akapiga pasi sare yake na kuingia garini, bado anaweza kuwa na zaidi ya miligramu 80 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Hicho ndicho kiwango ambacho sheria ya Tanzania hukiita kosa kwa dereva. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 50, na kwa madereva vijana kisizidi 20. Askari huyo, kwa hesabu yake, alikunywa jana. Kwa hesabu ya damu yake, anakunywa hadi leo.

Na hiyo ni bia, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Msimu wa korosho unapofika, mabibo huwa tele pande zote mbili za mto Ruvuma, na kwa mabibo watu hutengeneza uraka, na kwa kuutonesha uraka hupata nipa. Vinywaji hivyo havina karatasi ya maelezo. Nipa ya nyumba hii si sawa na nipa ya nyumba ile. Mnywaji hawezi kuhesabu saa za kusubiri, kwa kuwa hajui hata alichokunywa. Dereva mwenye kazi kesho hana namna ya kukipima kinywaji hicho isipokuwa kutokinywa.

Sheria zipo. Sheria ya barabarani ya Msumbiji, iliyotolewa mwaka 2011, inakataza kuendesha gari kwa ulevi, kama inavyokataza Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973. Swali ni nani anayezisimamia, na juu ya nani. Uingereza ilitunga sheria yake ya kupima pumzi mwaka 1967. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya elfu moja. Kisha madereva wakagundua kwamba polisi wenye vipimo walikuwa wachache na kwamba uwezekano wa kukamatwa ulikuwa mdogo, na sehemu kubwa ya faida ile ikayeyuka katika miaka iliyofuata. Kenya ilipoleta vipimo vya pumzi barabarani mwishoni mwa mwaka 2013, wapo madereva waliopashana habari kwa simu ili kuvikwepa vizuizi. Fundisho ni kwamba dereva haogopi maandishi ya sheria. Huogopa kizuizi ambacho hajui kitakuwa wapi, na ambacho akikifikia hakitamwachia apite.

Hapo ndipo sare inapoleta tatizo lake. Katika vizuizi vya kaskazini mwa Cabo Delgado, mwenye pikipiki husimamishwa, huulizwa vitambulisho na kupekuliwa mizigo. Akinuka pombe huteremshwa. Lakini likija gari la kijeshi au la polisi, kamba hushushwa kabla halijafika, na aliye lindoni hupiga saluti. Saluti ni heshima inayostahili kutolewa kwa cheo, ila haimwondolei dereva harufu ya pombe. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sheria inayomchoma mwenye pikipiki na kumruka mwenye sare huonekana na wananchi wote waliopanga foleni kizuizini, nao huelewa maana yake bila kuhutubiwa.

Wananchi hao wengi ni Waislamu, na kwa wazee wao ulevi ni aibu hata ukifanywa faraghani. Wameombwa kwa miaka kadhaa waviamini vyombo vya ulinzi, watoe habari za watu wasiowajua, warudi vijijini kwa ahadi kwamba kuna wa kuwalinda. Gari la serikali linalopita kijijini kwa kuyumba jioni huiharibu kazi hiyo. Likimuua mtoto, halitaharibu kazi ya mwezi mmoja tu. Kijiji kilichopoteza watu kwa risasi za adui huvumilia mengi, lakini hakitaelewa kwa nini kipoteze mwingine kwa starehe ya mlinzi wake.

Na majeruhi wa ajali katika pwani hiyo hana bahati ya majeruhi wa mji mkuu. Hospitali kuu ya mkoa iko Pemba, mamia ya kilomita kutoka Palma. Mfupa wa paja uliovunjika, ambao mahali pengine ungetibiwa mchana huo huo, huko unaweza kuwa kifo cha njiani.

Kinga, basi, iko wapi? Ya kwanza iko kwa mwenye kutoa ufunguo. Kila kikosi kina daftari la magari, na kila ufunguo una mtu anayeutoa na kuandika jina la aliyeuchukua. Mtu huyo, hata akiwa na cheo kidogo, apewe amri iliyoandikwa kwamba mwenye dalili ya pombe hapewi ufunguo, awe koplo au kanali, na kwamba hataadhibiwa kwa kukataa. Bila ulinzi huo wa maandishi, koplo hatamkatalia kanali, na kumlaumu koplo baada ya ajali ni uonevu.

Ya pili iko kizuizini. Kipimo kinachomhusu raia kimhusu pia mwenye sare, na kimguse kwanza. Rwanda ilipoanzisha kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, ambayo maana yake ni kufika salama, polisi wenyewe ndio walioibeba mbele ya wananchi. Anayebeba bango la namna hiyo hawezi kulibeba kwa mkono mmoja huku chupa iko katika mkono wa pili.

Ya tatu iko kwa wenzake dereva. Askari wengi hawanywi kwa furaha. Wengine hunywa kwa sababu walimzika mwenzao, au kwa sababu ya usiku mrefu wa lindo, au kwa sababu barua ya nyumbani ilileta habari mbaya. Mtu wa namna hiyo akipewa adhabu tu, atajifunza kujificha. Anahitaji kuonana na mganga wa kikosi, kupewa likizo inapowezekana, na kuondolewa kwenye usukani kwa muda bila kudhihakiwa. Rafiki anayemfichia rafiki yake ulevi mbele ya mkuu wa kikosi hudhani anamwokoa. Kwa kweli anamsindikiza kwenye ajali, na mara nyingi yeye mwenyewe ameketi nyuma ya lori hilo hilo.

Duniani kote, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri kati ya miaka 5 na 29. Umri huo ndio wa askari wengi wapya, na ndio wa watoto wanaotembea kando ya barabara ya Palma. Pande zote mbili za ajali zina vijana.

Hakuna kikosi kinachohitaji kungoja sheria mpya ili kuanza. Jioni ya leo, katika kambi yoyote, mtu mmoja anaweza kusema kwamba amekunywa, na mwingine akajibu kwamba safari ya alfajiri itakwenda na dereva mwingine, au itangoja. Ufunguo utabaki msumarini. Safari itachelewa saa chache, na lori litafika na watu wake wote.