Kabla ya Kununua Vigae

Mwaka huu wakati wa mvua ndefu alikuja ofisini kwetu mama mmoja kutoka upande wa Ahero, amebeba kipande cha kigae ndani ya kikapu. Mwezi wa Januari alikuwa amepokea zamu yake ya chama, akaongeza pesa za mchele na za kuku, akamwita fundi atengeneze sebule. Fundi alimwaga saruji juu ya udongo, akabandika vigae vyeupe, na majirani wakaja kutazama. Kufika Mei sakafu ilikuwa imepasuka toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ufa wa kuingiza kidole. Wengine walimwambia fundi amekula saruji, wengine wakasema ni wivu wa watu. Mama alitaka tumwandikie chifu barua ili fundi ashikwe.

Tulikwenda kuona. Mchanganyiko wa fundi haukuwa mbaya. Shida ilikuwa chini ya sakafu, kwa ule udongo mweusi wa Kano ambao sote tunaujua: wakati wa mvua unashika viatu, wakati wa kiangazi unapasuka mianya. Udongo huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Sakafu nyembamba iliyolala juu yake inainuliwa na kushushwa kila msimu mpaka ivunjike, na vigae, kwa kuwa havijui kupinda, ndivyo huvunjika kwanza. Anayejenga juu ya mawe kule Riat au Kajulu hana taabu hii. Lakini wengi wetu tumejenga tambarare, Nyando, Kadibo, Nyalenda ya chini, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na miguu yetu.

Kwa hivyo tunawaomba wasomaji, hasa wenye kungoja zamu ya chama, wasianze na dukani. Wakati mvua inanyesha simama mlangoni utazame. Maji ya bati yanaangukia wapi? Yanakimbia au yanasimama kando ya ukuta? Mtaro wa kuzunguka nyumba, uliochimbwa kwa jembe na kupelekwa mbali, hauna gharama ila jasho, nao huokoa sakafu kuliko mfuko wowote wa saruji. Sakafu ya ndani iwe juu ya uwanja, angalau kiasi cha sentimita 15. Kwa wale wa karibu na ziwa hiyo haitoshi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufukuza watu makwao, na mwaka 2024 likapanda tena. Tumeona nyumba zenye sakafu nzuri kabisa ambazo samaki waliingia. Kama maji yalifika kwako miaka hiyo, usitie pesa katika sakafu ya mahali hapo kabla ya kukaa na familia na kuzungumza habari ya kuhamia palipoinuka.

Sasa tuseme una pesa ya saruji na ardhi si mbaya. Fundi aondoe udongo wa juu wenye mizizi, ajaze mawe na maramu, ashindilie kwa kinu cha mbao tabaka kwa tabaka huku akinyunyiza maji. Juu yake atandaze karatasi nene ya plastiki ili unyevu usipande. Ndipo aje na zege ya unene wa sentimita 10, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Chumba cha mita 3 kwa 3 kitakula mifuko 6 hivi kwa zege, na kama 2 zaidi kwa kulainisha juu. Tumetaja hesabu hii kusudi. Ukiambiwa mifuko 3 yatosha, jua zege itakuwa nyembamba kama chapati; ukiambiwa 20, uliza nyingine ni za nani. Halafu kuna kazi ambayo watu wengi hawaifanyi, kumwagilia sakafu maji siku 7 mfululizo. Zege haikauki kama nguo kwenye kamba, inakomaa kwa maji. Ikikaushwa na jua la Kisumu inakuwa unga, na miezi sita baadaye unafagia sakafu yako nje pamoja na takataka.

Juu ya zege, niru yenye rangi nyekundu inatosha nyumba ya kawaida. Inafutika, haitelezi sana, na ikichubuka inarudiwa. Vigae vinavyong'aa tunaviogopa kwa sababu ya nyanya zetu. Nyanya akiteleza na kuvunja nyonga, gharama yake inapita sebule nzima.

Na mwenye udongo mweusi wenye kina kirefu je? Kuutoa wote na kuleta maramu kwa lori ni pesa nyingi. Kwa maoni yetu, afadhali huyo akae na sakafu ya udongo iliyo nzuri kuliko saruji ya aibu. Ainue sakafu kwa maramu iliyoshindiliwa, apige juu udongo wa kichuguu uliopepetwa, na akiweza achanganye saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 10. Ikipasuka, mwenyewe anaziba kwa mkono. Huko Rwanda wamekwenda mbele zaidi, wanapaka sakafu za udongo mafuta maalum yanayoganda, hata zinapigwa deki.

Hatusemi kwamba udongo na saruji ni sawa kwa afya. Vumbi la sakafu ndilo makao ya funza, na mtoto anayetambaa hutia mdomoni kila anachookota. Nchini Meksiko serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea maskini sakafu za saruji katika jimbo la Coahuila. Wataalamu waliopima watoto wa nyumba hizo waliandika mwaka 2009 kwamba pale sakafu yote ya udongo ilipobadilishwa, minyoo ilipungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Kwa hivyo kama saruji inatosha chumba kimoja tu, kiwe kile wanacholala watoto. Najua, tunajua sote, kwamba mgeni haingii huko kusifu. Sebule ingoje.

Ukishavuruga nyumba kwa ajili ya sakafu, tazama pia mpango wake. Jikoni pawe mbali na vitanda, au angalau pawe na ukuta na njia ya moshi. Dirisha moja haliingizi hewa. Yawe mawili yanayotazamana, maana kifua kikuu hupenda chumba kilichofungwa. Halafu inua macho utazame ule mwanya kati ya ukuta na bati. Mbu wa malaria hupita hapo usiku. Kwenye skimu ya mpunga ya Ahero watafiti walijaribu dari za mikeka ya mafunjo, yale tunayoita togo, na mbu ndani ya nyumba wakapungua sana. Mafunjo tunayo ziwani. Neti haiachwi lakini.

Tumebakiwa na jambo zito. Sakafu yoyote ni bure kama paa linavuja, na tunawajua wajane ambao paa linavuja miaka kwa sababu wameambiwa nyumba haiguswi mpaka wapate jater. Mmoja alikuwa na mabati amenunua, yamekaa chini ya kitanda. Dada zetu wajue kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 2, inasema mila inayopingana nayo ni batili, na sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri ya nyumbani inahesabu kumlazimisha mjane kurithiwa kuwa jeuri. Hata hivyo hatukushauri uanze na mahakama. Mwite shemeji anayekusikia, mzee mmoja wa ukoo, na wanajumuiya wawili watatu, mketi. Tumeona wazee wakikubali mjukuu wa kiume ashike bati la kwanza, na jioni paa limekamilika. Wakikataa kabisa, au wakikutisha, njoo ofisini twende pamoja kwa chifu.

Yule mama wa Ahero naye tulimpatanisha na fundi wake. Wamekubaliana kung'oa vigae vilivyobaki vizima na kuvihifadhi, kuchimba mtaro kwanza, na kuanza chumba cha watoto Januari, ili sakafu ikomae kabla ya mvua za Machi.