Je, Wajua? Ritifaa ya ng'ombe na bei ya ujumbe
Ujumbe mfupi wa simu hubeba biti 1,120 tu. Herufi za kawaida za Kilatini hula biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Kikomo hicho alikitetea mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985, baada ya kupiga sentensi za kila siku kwenye taipureta na kuhesabu herufi zake.

Kiswahili hutoshea humo vizuri, isipokuwa penye ng'ombe, ng'oa na ng'ara. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha ya herufi za biti 7. Iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikipenya hata moja, ujumbe mzima huhamia biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hushuka hadi 70 (sawa na Kiswahili cha hati za Kiarabu). Ujumbe wa herufi 150 hukatwa vipande vitatu, na shule inayowaandikia wazazi kwa mfumo wa kulipia kila kipande hulipa mara tatu.

Mistari michache ya msimbo yatosha kunyoosha ritifaa kabla ya kutuma. Natamani kila mfumo wa jumbe unaouzwa Afrika Mashariki uwe nayo.