Kuilinda Nyumba Chini ya Mlima Meru (2): Jirani Kwanza, Ukuta Baadaye

Wiki iliyopita tulizungumzia makomeo, bawaba na taa za nje. Leo tutazame ulinzi ambao fundi hauuzi.

Kwenye miteremko ya Meru, ua wa michongoma bado unapakana na kuta mpya za matofali zilizopandwa vipande vya chupa. Miiba ya mchongoma humzuia mwizi, lakini sauti hupenya. Ukuta mrefu nao humsitiri yeyote aliye ndani, hata mwizi. Akishauruka, hakuna wa kumwona.

Wazee wetu walijua kwamba jirani hulinda kuliko ukuta. TANU ilipounda mashina ya nyumba kumi miaka ya 1960, balozi wa shina alijua mgeni wa kila nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga na Tabora, wanakijiji waliunda sungusungu: yowe likipigwa, kila mwenye nguvu anatoka. Silaha yao kubwa haikuwa upinde, ilikuwa ule wajibu wa kuitikia.

Basi anza hivi. Kubalianeni na majirani watatu au wanne ishara moja, filimbi au yowe, na nani atampigia nani simu. Namba ya polisi, 112, na ya mwenyekiti wa mtaa ziandikwe ukutani, kwa maana mtu aliyeshtuka husahau. Chagueni chumba kimoja chenye mlango imara ambako watoto watakimbilia.

Kisha funguo ya grili. Wengi huificha kila usiku mahali papya. Moto ukizuka, familia inaungua nyuma ya nondo zake yenyewe. Itundike kwenye msumari mmoja, mbali na mkono unaoweza kupenyezwa dirishani, lakini pale mtoto anapofika. Usiku mmoja zima taa, mwambie mwanao aifuate kwa kupapasa ukuta, afungue. Akishindwa, rudieni kesho.

Mwisho, mpaka wa nguvu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18A, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kulinda mali yako. Kifungu cha 18B kinataka nguvu hiyo iwe ya kiasi. Mwizi aliyekwisha kufungwa kamba hakutishii tena. Kumpiga mawe au kumtia moto ni uhalifu, na mara ngapi aliyeuawa amekuja kujulikana kuwa mpita njia tu? Sungusungu wenyewe waliponzwa na hilo: walipoanza kuwa mahakimu, vikongwe walioitwa wachawi waliteswa na kufukuzwa makwao.

Yowe ni la kuokoa. Mwite jirani aje akusaidie kumkamata mwizi, na awe shahidi kwamba mlimfikisha polisi akiwa hai.

Wiki ijayo: mlinzi wa usiku na haki zake.