Kolwezi: Somo la kompyuta bila kompyuta

Kobalti ya Lualaba imo katika betri za simu na kompyuta duniani kote. Lakini huku kwenye mabaki ya madini ya Kingamyambo, kuna watoto ambao hawajagusa kompyuta, na tangu elimu ya msingi iwe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa.

Mwalimu anaweza kuanza na vipande vitano vya katoni, mbinu iliyoenezwa na profesa Tim Bell wa New Zealand na wenzake. Vichorwe nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wavishike kwa mpangilio huo. Anayeonyesha nukta ni 1, anayezificha ni 0. Wakionyesha 8, 4 na 1, darasa linajumlisha: 13. Kompyuta huandika 01101.

Umeme ukikatika, somo linaendelea.