Mbwa wa Jirani Anabweka Nini?

Mbwa wengi wa ulinzi Dar es Salaam wanaishi maisha ya aina moja: mchana kutwa bandani, usiku kucha uani. Banda likiwa la bati, jua la Februari likishapanda, humo ndani hapakaliki. Mbwa hatoi jasho kama sisi; hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi humkausha maji. Sufuria likikauka saa nne asubuhi, atabweka hadi jioni, na majirani watasema ana fujo.

Kwa daktari wa mifugo, mlio ni dalili. Anayebweka mtu akipita getini, kisha akanyamaza, yuko kazini. Anayerudia mlio uleule saa nzima, pasipo mtu wala paka wa kumbwekea, mara nyingi ana kiu, ni mpweke au amechoshwa na mnyororo. Chungulia, kama ukuta unaruhusu. Je, mbavu zinahesabika ukiwa mbali? Shingoni pana kidonda? Masikio yamejaa kupe?

Lipo moja la kuogopa. Sauti ikibadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, na udenda unamtiririka, usimsogelee: huenda ni kichaa cha mbwa, kinachopoozesha misuli ya koo. Mwite ofisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitali. Dalili zikishamwanza binadamu, ni nadra mno kupona.

Mengine yanazungumzika. Mwenye mbwa akitoka alfajiri na kurudi usiku, kelele hizo hajawahi kuzisikia; mrekodie kwa simu. Mimi ningeanza na kiu ya mbwa, usingizi wangu ungefuata baadaye. Omba madogo: banda lihamie kivulini, maji yaongezwe mchana, mbwa atembezwe kabla ya kufungiwa. Wanaorusha nyama yenye sumu uani, nao wapo, wakumbuke kwamba paka na watoto pia huokota.

Mwenye mbwa akikaidi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na ofisa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa na kumtelekeza mnyama, hivyo shauri la mbwa aliyekonda lina uzito kuliko la kelele peke yake. Ofisa akifika ataulizia pia cheti cha chanjo ya kichaa, na hapo wamiliki wengi huanza kusikiliza.