Kapasita, kikopo kinachoiangusha kompyuta

Je, wajua kwamba kompyuta ya mezani iliyojizima ghafla na kugoma kuwaka huenda haijafa? Prosesa inaweza kuwa nzima, diski nzima, picha na hesabu zako zote zimo. Kilichochoka ni kikopo cha alumini kisichozidi pingili ya kidole. Mafundi hukiita kapasita.

Ndani yake kuna tabaka mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja, na kati yake karatasi iliyoloweshwa majimaji yanayopitisha umeme. Kazi yake ni ile ya tangi la maji juu ya paa: mkondo ukiyumba, kikopo hutoa akiba yake ili huko chini kusikatike. Na kompyuta haistahimili kuyumba. Volti 230 za ukutani hugeuzwa na pawa saplai kuwa 12, 5 na 3.3, kisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, huishusha ile 12 hadi karibu volti 1 kwa ajili ya prosesa, ambayo huweza kuvuta makumi ya ampea. Ndiyo maana ukifungua kasha la mashine ya zamani utakuta kapasita zimeizunguka prosesa pande kadhaa.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, pawa saplai hujipima kwanza. Volti zikitulia, husubiri kati ya milisekunde 100 na 500, ndipo ipeleke ishara kwamba umeme uko sawa. Bila ishara hiyo prosesa haianzi kazi. Hapo ndipo unapoona feni zinazunguka, taa inawaka, na skrini ni giza tupu.

Adui wa kapasita ni joto. Kwa kanuni ya mafundi, kila joto likipanda nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa nusu, kwa hiyo vumbi linaloziba feni huumiza prosesa na kapasita kwa pamoja. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni hii: mashine inagoma asubuhi ikiwa baridi, unaijaribu tena na tena, hatimaye inawaka na kufanya kazi vizuri kutwa. Majimaji yaliyopungua hupitisha umeme vizuri zaidi yakipata moto. Anayeona hivyo hudhani mashine imepona, kumbe kikopo kinaelekea ukingoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikopo hivi vilikufa kwa wingi duniani. Majimaji yaliyotengenezwa vibaya yaliishambulia alumini, gesi ya haidrojeni ikajaa ndani, vifuniko vikavimba na kupasuka. Mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kubadilisha mazabodi zilizoathirika. Fedha zote hizo kwa sababu ya kifaa cha bei ndogo kabisa!

Kabla ya kukilaumu kikopo, ondoa mengine. Mashine ikizimika baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, tazama feni ya prosesa na vumbi lake, kwa kuwa prosesa hujizima yenyewe ikizidiwa na joto. Ikiwaka bila picha, chomoa waya wa umeme, toa kadi ya kumbukumbu (RAM), isafishe miguu na uirudishe. Ikiwa haina uhai wowote, jaribu waya mwingine na soketi nyingine. Kisha pima: waya wa volti 12 usishuke chini ya 11.4. Pawa saplai yenyewe usiifungue kama si fundi. Kapasita yake kubwa huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kwenye mazabodi mara nyingi macho yanatosha. Kichwa cha kikopo kina mikwaruzo ya makusudi, aghalabu kama herufi K au X, ili gesi ipate pa kutokea. Kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa na kitambi, au pana ukoko wa kahawia, umempata mhalifu. Fundi anayejua kulehemu hukibadilisha: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, mstari wa upande hasi ukae ulipokuwa. Msisitizie achague kilichoandikwa nyuzi 105, si 85, kwani katika joto lilelile la kasha hicho hudumu muda mrefu zaidi.