Kinachomwamsha Mkimbiaji wa Jumapili

Jumapili alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara nyingi za Dar es Salaam huwa tayari zina wenyewe. Watu kadhaa waliovaa fulana za rangi moja, jina la klabu likiwa limeandikwa mgongoni, hukimbia taratibu kwa mistari. Mmoja huanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Kwenye makutano husimama mwenye filimbi na kitambaa chekundu, akizuia daladala na bodaboda mpaka msafara wote upite. Nyuma kabisa wapo wanaotembea kwa haraka tu, na mara nyingi kiongozi mmoja hubaki nao ili asiachwe mtu. Hizo ndizo klabu za jogging, na mtu yeyote anayetaka kuyafanya mazoezi yawe sehemu ya kujijenga kwake ana mengi ya kujifunza humo.

Kila Januari watu huapa kuanza mazoezi. Ikifika Machi wengi wameacha, na lawama zote hubebeshwa uvivu. Watafiti wa Uingereza walilichunguza jambo hilo kwa wanafunzi 248 wa chuo kikuu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kundi moja halikuelezwa lolote kuhusu faida za mazoezi. La pili lilipewa maelezo ya namna mazoezi yanavyokinga ugonjwa wa moyo. La tatu lilipewa maelezo hayo hayo, kisha kila mmoja akatakiwa kutaja siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki inayofuata. Katika kundi la kwanza waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38, la pili asilimia 35, la tatu asilimia 91. Kuelezwa hatari ya ugonjwa hakukumtoa mtu kitini. Kilichomtoa ni kujua ataanza lini na wapi.

Klabu ya jogging humalizia mwanachama wake kazi hiyo. Siku inajulikana, saa inajulikana, na mahali pa kukutania ni pale pale, iwe uwanja wa shule au mbele ya duka la mtaani. Asiyefika hupigiwa simu.

Mazoea nayo yana muda wake wa kuota mizizi. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza tabia mpya za kila siku, na wakaona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kabla tabia haijaanza kujiendea yenyewe. Kwa wengine zilitosha 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kulikuwa pia na habari njema kwa waliokata tamaa: kukosa siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengeka. Kwa kipimo hicho, agizo lililotolewa Desemba 2016 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, kwamba Watanzania wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, lilikuwa mwanzo mwema. Lakini mara moja kwa mwezi ni mara 12 tu kwa mwaka, na mwili hauzoei jambo linalokuja kwa nadra namna hiyo.

Wimbo nao si pambo. Kuna kipimo rahisi ambacho wataalamu wa mazoezi hukitumia kila siku: anayeweza kuzungumza lakini akakosa pumzi ya kuimba yuko katika kiwango cha wastani, anayeishiwa pumzi baada ya maneno mawili matatu ameshaingia kiwango cha juu. Msafara unaoitikia kwa sauti hauwezi kwenda kasi ya kumuumiza mgeni. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu moyo na misuli huzoea mbio mapema kuliko kano zinazoishikilia misuli kwenye mifupa. Mtu wa wiki ya tano hujiona ana nguvu za kukimbia mara mbili ya alivyoanza, ilhali kano za kisigino bado hazijakomaa, na hapo ndipo wengi huumia wakaacha.

Kufanya pamoja pia hubadilisha namna mwili unavyohisi. Katika jaribio lililofanywa Oxford, wapiga makasia 12 walifanya mazoezi kwenye mashine, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa timu, kwa nguvu zile zile. Baada ya mazoezi ya pamoja walistahimili maumivu zaidi. Watafiti walilihusisha jambo hilo na endofini, kemikali ambazo ubongo hutoa na ambazo hutuliza maumivu na kuleta raha.

Na mtu hukua kwa njia nyingine humo humo. Klabu nyingi zina mfuko wa kufaana: mwanachama akifiwa, akilazwa au akijifungua, wenzake huchanga na kwenda kumwona. Aliyekuwa haongei mbele za watu hujikuta anaanzisha wimbo, mwingine anakabidhiwa hazina na kujifunza kutunza hesabu za watu.

Ubongo wenyewe haubaki nyuma. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80. Nusu yao walifikia kutembea dakika 40 mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, iliongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 2. Kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo, ilipungua.

Huenda mtu akadhani kundi ni la wanaoanza tu. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alijiandaa akiishi na wenzake kambini Kaptagat, mbali na familia yake kwa sehemu kubwa ya wiki, akifanya usafi kwa zamu kama mwanariadha mwingine yeyote. Mazoezi yake huyaandika kwenye daftari. Bingwa mwenye nia ya aina ile bado ameona afadhali ajizungushie ratiba, wenzake na kumbukumbu za maandishi.

Pamoja na sifa zote hizo, klabu zina pengo moja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Jumapili moja haifiki huko, na mbio peke yake haziimarishi mikono wala mgongo. Dawa yake haihitaji gym. Msafara ukirudi, kabla ya chai, kila mmoja achuchumae na kuinuka mara kumi, apumzike, arudie mara mbili. Kisha pushapu, na asiyeziweza aegemee ukuta. Zoezi hilo hilo lirudiwe Jumatano jioni nyumbani, na siku mbili za katikati ya wiki mtu ashuke daladala vituo viwili kabla ya kwake, atembee kwa haraka nusu saa.